Tufanye kilio bila mwili? Pasta anasema tumwachie Mungu, mama anakataa

Binti wa Minova (mleta uzi)

Wandugu wa Goma na wa kwingine, yambo. Naomba ushauri wa watu wanaomjua Mungu na wanaojua pia msiba ni nini, maana si kila anayejua kimoja anajua na kingine.

Mdogo wangu alikuwa ndani ya ile boti iliyotoka Minova tarehe 3 Oktoba 2024 ikazama karibu kabisa na bandari ya Kituku, hapa Goma kwenye Ziwa Kivu, watu wakiiona kwa macho kutoka ufukweni. Walioopolewa walipelekwa chumba cha maiti. Tulienda, tukatazama mmoja mmoja, hakuwemo. Mpaka leo hakuna mwili.

Sasa mwaka unakaribia kutimia. Papa, baba yetu, anataka tufanye kilio tumalize: jina litangazwe kanisani, watu waje wale, nguo zigawiwe. Mama anasema hawezi kumlilia mtu ambaye hajamwona amelala. Bado anaweka krediti kwenye simu ya mdogo wangu ili namba isikatwe. Pasta amekuja nyumbani mara nyingi, hilo siwezi kumnyima, lakini kila akija neno ni lile lile: mwachieni Mungu. Siku moja mama akamjibu, "Nimwachie nini, pasta? Mimi sina kitu mkononi."

Sikuja kubishana na dini. Mimi naamini, na mama pia anaamini kunishinda. Nataka tu kujua, mtu aliyeambiwa "mwachie Mungu" anaamka asubuhi anafanya nini? Anaacha kuuliza? Anaacha kwenda Kituku? Anafungua kabati na kutoa nguo? Kwetu hilo neno limekuwa la kufungia maongezi. Likishasemwa, kila mtu anachukua kofia yake anaondoka.

Sambaza Mbichi

Pole sana yaya. Bwana alitoa, Bwana ametwaa, jina lake libarikiwe. Mama apige magoti aseme "mapenzi yako yatimizwe", utaona mzigo unashuka. Tunateseka kwa sababu tunashikilia.

Motari wa Katindo

@Sambaza Mbichi, Mungu hakupakiza ile boti. Ni bantu (watu).

Miye niko motari, dereva wa pikipiki ya abiria, ninapitaka ku Kituku karibu kila siku. Barabara ya Minova kupitia Sake ilikuwa imefungwa na vita. Kila mtu na kila gunia likahamia ziwani. Boti inajaa, inaongezwa tena, na jile za kuokolea hazienei watu wote. Hii haikuwa mara ya kwanza. Aprili 2019 boti ilizama upande wa Kalehe, Rais Tshisekedi akafika kufariji, ikaamriwa kila abiria avae jile. Nani alifuatilia? Ukishabebesha Mungu kila kitu, mwenye boti analala usingizi mzuri.

Mvua ya Mei 2023 iliyofagia vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, zaidi ya watu mia nne, pale nitakubali mtu aseme "Mungu anajua" (ingawa hata pale kuna maswali ya wapi watu wanajenga). Lakini boti iliyojazwa na mtu mwenye akili timamu, hapana.

Sambaza Mbichi

Sijasema watu hawana kosa. Nasema kosa lao halimrudishi mtoto. Mama atabaki na hasira mpaka lini? Ukimpa mtu wa chukudu (kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo) gunia lako la viazi pale Kibumba, humfuati nyuma ukiwa umelishika. Ama umempa, ama hujampa.

Motari wa Katindo

Wewe hujawahi kushusha viazi Kibumba. Mwenye gunia anatembea pembeni ya chukudu mpaka sokoni, anasukuma kwenye mlima, anashika kamba kwenye mteremko. Anayelala nyumbani akingoja gunia lije lenyewe ataletewa nusu.

Mzee wa Birere

Watoto, msigombane kwenye msiba wa watu.

Binti, mimi ni mtu wa siku nyingi hapa. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilishuka ikapita katikati ya mji mpaka ziwani. Nyumba yangu na duka langu la vitambaa viliondoka mchana mmoja. Tulikimbilia Gisenyi, upande wa Rwanda, na godoro moja. Kuna kitu nilikiona siku zile ambacho kilinisaidia kuliko mahubiri: Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu nalo lilimezwa. Nikajiambia, kumbe Mungu hana ugomvi na mimi binafsi, hata nyumba yake imeenda.

Tulirudi ardhi ikiwa bado inatoa joto. Serikali na wazungu wakatuambia tusirudi, tukarudi. Watu wakaanza kupasua yale mawe ya volkano na kujengea, na mimi nikapasua. Nyumba nilimwachia Mungu, mawe sikuyaacha. Ukiniuliza siku ile nilikuwa najisalimisha au najitahidi, sitajua nikujibu nini. Nilikuwa nabeba mawe nikiimba wimbo wa kanisa, na kati ya beti nilikuwa namlalamikia Mungu kwa sauti, jirani yangu ni shahidi.

Tarehe 22 Mei 2021 ikashuka tena, safari ile ikasimama upande wa Buhene kabla ya kufika uwanja wa ndege. Siku chache baadaye gavana akaamuru sehemu kubwa ya mji ihame, tukatembea kwa miguu hadi Sake usiku kucha. Mke wangu hakulia mara ile. Alikuwa amefunga mizigo kabla ya tangazo.

Lakini nyumba si mtoto. Hapo natoa kofia. Sitamwambia mama yako kitu kuhusu mtoto.

Katekista wa Ndosho

Aksanti mzee. Binti, niruhusu niongee kidogo zaidi, hii ndiyo kazi yangu. Nimekaa kwenye vilio vingi, na tangu Januari 2025 vimekuwa vingi mno.

Kwanza hili la "Bwana alitoa, Bwana ametwaa". Linasomwa kila tanga kana kwamba ni maneno ya wageni. Angalia Ayubu 1:21 ni nani anayesema. Ni Ayubu, mfiwa mwenyewe, siku aliyoletewa habari ya kufa kwa watoto wake. Hakuna mgeni aliyemletea hilo neno mlangoni. Mfiwa akilitoa mwenyewe ni sala. Mgeni akimpakia kichwani ni mzigo mwingine juu ya ule alionao.

Halafu tunafunga kitabu mapema. Mlango wa tatu Ayubu huyo huyo analaani siku aliyozaliwa, na anaendelea kumhoji Mungu sura baada ya sura. Rafiki zake walifanya vizuri siku saba za kwanza, walipoketi naye chini bila kusema neno. Waliharibu walipofungua midomo na kuanza kumtetea Mungu. Mwishoni, 42:7, Mungu anamwambia Elifazi kwamba wao hawakunena yaliyo sawa kumhusu yeye kama alivyonena Ayubu. Yaani aliyepiga kelele ndiye aliyesifiwa, na waliohubiri utii wakaambiwa wakatoe sadaka waombewe.

Zaburi ya 88 isome na mama. Inaanza kwa kilio na inaishia gizani, hakuna mstari wa kufariji mwishoni. Imebaki ndani ya Biblia hivyo hivyo, hakuna aliyeiongezea mkia.

Sasa papa na mama. Fungueni kitabu cha pili cha Samweli. Mlango wa 12, mtoto wa Daudi anaugua. Daudi anafunga, analala chini, hataki kula. Mtoto anapokufa anainuka, anaoga, anaabudu, anaomba chakula. Watumishi wanashangaa. Anasema yeye atamwendea mtoto, lakini mtoto hatamrudia. Huyo ni papa wako. Asilaumiwe kwamba hana moyo.

Endelea hadi mlango wa 21. Kuna mama anaitwa Rispa. Wanawe wawili wameuawa, miili imeachwa mlimani bila kuzikwa. Anatandika gunia juu ya mwamba, anakaa pale tangu mwanzo wa mavuno mpaka mvua inanyesha, akifukuza ndege mchana na wanyama usiku. Hakuna mahali Mungu anapomkemea. Hakuna nabii anayekuja kumwambia "achia". Habari zinamfikia Daudi, mfalme anaona aibu, anakusanya mifupa, watu wanazikwa. Baada ya hapo ndipo imeandikwa kwamba Mungu aliisikia nchi. Mama aliyekataa kuondoka ndiye aliyefanya wafu wazikwe.

Papa wako na mama yako wako ndani ya kitabu kimoja. Msimlazimishe mmoja aingie katika mlango wa mwenzake.

Nakivale Leo

Hapa kambini Uganda tunafanya vilio kwa simu. Mtu anakufa Masisi au Goma, sisi tunaketi kuzunguka simu moja, anayeshika ndiye anageuza ili tuone kaburi, mtandao unakatika, tunangoja. Sijui kama nimewahi kumzika mtu kweli. Binti, msiharakishe. Ni hilo tu.

Mtoto wa Kasongo

Assalam alaikum nyote. Mimi ni Mwislamu, nakaa Birere, naomba niingie maana jambo hili halina kanisa wala msikiti.

Sisi tunasema *Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un*, sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Lakini ndani ya Sura Yusuf kuna mzee anayefanana na mama yako kuliko wote waliotajwa hapa. Nabii Yakubu hakuletewa mwili. Aliletewa kanzu yenye damu ya uongo. Akasema subira njema, na bado akalia miaka mpaka macho yakawa meupe. Watoto wake wakamchoka, wakamwambia hutaacha kumtaja Yusuf mpaka uangamie? Akawajibu kwamba yeye anamshitakia Mwenyezi Mungu huzuni yake. Hakuwashitakia wao. Na palepale anawatuma waende wakamtafute Yusuf na ndugu yake, wasikate tamaa na rehema ya Mungu.

Kwa hiyo kwetu kutawakali, yaani kumtegemea Mungu, hakuzuii machozi wala kutafuta. Kuna hadithi ya yule bedui aliyeuliza amwache ngamia wake bila kamba amtegemee Mungu. Mtume akamwambia mfunge, kisha tegemea. Motari utaipenda hiyo.

Kuhusu kilio bila mwili: Mtume alimswalia Najashi, mfalme wa Uhabeshi, aliyefia mbali. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wanaruhusu swala ya ghaibu kwa aliye mbali. Na aliyekufa maji amehesabiwa miongoni mwa mashahidi. Familia za Kiislamu zilizopoteza mtu ziwani zimeswali hivyo, na hakuna aliyesema kwamba haijatosha.

Nitaongeza angalizo. Yusuf alikuwa hai. Tusimpe mama kisa hiki aje kukisoma vibaya.

Binti wa Minova

@Mtoto wa Kasongo, umegusa penyewe bila kujua. Kuna jambo sikuliandika juu.

Mama alipelekwa na jirani kwa nabii mmoja, chumba cha maombi, sitataja jina wala kata. Akaambiwa mtoto yuko hai, aliogelea, yuko kisiwa cha Idjwi kwa watu wavuvi, amesahau jina lake, na maombi ya kufunga yatamrudisha. Sadaka ya kwanza, sadaka ya pili, kisha mbuzi. Kaka yangu alivuka hadi Idjwi kwa boti (fikiria, kwa boti!), akazunguka kando ya ziwa akiuliza, akarudi. Nabii akasema alienda upande mbaya wa kisiwa.

Ndiyo maana mama hataki kilio. Si kwa ajili ya imani tu. Akifanya kilio, Idjwi inakufa pia.

Motari wa Katindo

Nabii wa namna hii angevaa jile aende yeye mwenyewe.

Muganga wa Keshero

Mimi ni muuguzi. Januari 2025 vita vilipoingia mjini tulipokea watu hadi kwenye korido, na wiki zilizofuata familia zilikuwa zinapita zikiwa na picha kwenye simu, wodi kwa wodi. Msalaba Mwekundu walizika miili mingi ambayo hakuna aliyekuja kuitambua. Kwa hiyo mama yako hayuko peke yake katika mji huu. Ni nyumba nyingi sana ambazo zina mtu asiye na kaburi.

Ninachoona ni hiki. Mfiwa aliyemwona maiti analia na mwili wake unaelewa. Asiyemwona, akili inarudi mlangoni kila usiku. Huo si upungufu wa imani, na kumwambia aamini zaidi hakumpi usingizi. Angalieni anakula, analala, anaoga. Akianza kukosa hayo matatu, mleteni kituo cha afya, wapo watu wa kusikiliza, hata bila dawa. Simu msimnyang'anye. Krediti ya namba ile ni bei ndogo kuliko mbuzi wa nabii.

Na mumwambie ukweli kuhusu Idjwi polepole, aliyeenda ndiye aeleze: kaka yako, kwa kinywa chake, alienda wapi na alimuuliza nani. Watu wa nje wasimwambie.

Sambaza Mbichi

Nimesoma yote. Bado naamini kuna siku mtu anafungua mkono. Lakini naona sasa kwamba nilikuwa naongea na mama ambaye hajaambiwa ukweli wote. Mtu hawezi kumkabidhi Mungu mtoto aliye Idjwi.

Katekista wa Ndosho

Hapo umesema jambo. Na hata Bwana wetu kule Gethsemane hakuanza na "mapenzi yako yatimizwe". Alianza na "kikombe hiki kiniepuke". Mathayo anasema alirudia maneno yale yale mara tatu, usiku mmoja, rafiki zake wakisinzia. Sisi tunataka mama aruke moja kwa moja kwenye sehemu ya pili ya sala kwa sababu sehemu ya kwanza inatuchosha kusikiliza.

Askofu Mkuu Munzihirwa wa Bukavu, aliyeuawa Oktoba 1996, alikuwa akisema kuna mambo ambayo huonekana vizuri tu kwa macho yaliyolia. Yeye aliyaona akayasema hadharani, na hakuwa mtu wa kukosa imani.

Motari wa Katindo

Na Floribert Bwana Chui, mtoto wa hapa hapa. Alikuwa anatumika ku OCC, ofisi inayokagua bidhaa mpakani. Bakamuletea feza aache mchele ulioharibika uingie, akakatala, bakamuua Julai 2007. Kanisa likamtangaza mwenye heri kule Roma tarehe 15 Juni 2025. Yeye angesema "tumwachie Mungu" akapiga muhuri, angekuwa hai, na sisi tungekula ule mchele. Alijitoa kwa Mungu na ndiyo maana muhuri hakupiga. Kituku ingekuwa na mtu mmoja kama huyo siku ile, huu uzi haungekuwepo.

Sisemi hivi ili mama akasirike zaidi. Nasema kwa sababu miye pia niko Mkristo na nimechoka kuona msamaha ukiombwa kwa wafiwa tu.

Mzee wa Birere

Motari leo umesema kama mtu mzima.

Binti wa Minova

Wandugu, nimekawia kurudi. Kaka aliongea na mama juzi jioni, alimweleza Idjwi yote, kijiji kwa kijiji. Mama hakusema kitu. Jana akanisomesha Rispa mara mbili, kisha akauliza kama Rispa alikuwa na mume. Nikasema alikuwa suria wa Sauli. Akasema, "Ndiyo maana hakuna aliyemwambia ainuke."

Papa alisikia, akacheka kidogo. Ni mara ya kwanza wanaongea juu ya jambo hili bila mmoja kutoka nje.

Msimamo wa mama sasa: kilio hataki, chakula hataki kupikwa, nguo haziguswi. Lakini amekubali ibada, kwa sharti asiwe mdogo wangu peke yake. Anataka familia nyingine za Kituku ambazo hazikupata mwili, majina yote yasomwe pamoja. Anasema jina la mwanawe likisomwa peke yake ni kama yeye ndiye amemtoa. Yakisomwa mengi, ni ziwa limewatoa.

Pasta amekubali ibada. Ila ameniomba kwa upole tusiingize mambo ya boti kujazwa wala jile, kwa sababu ni siku ya kumwachia Mungu na hali ya mji mnaijua, kila neno linasikilizwa. Sitaki kumwingiza pasta matatani. Lakini mama akisikia hilo hatakuja.

Motari wa Katindo

Najua familia mbili pale Majengo, hawakupata mwili. Nitaenda kuwauliza leo. Ila jile ikikatazwa, na miye sikuji.

Muganga wa Keshero

Pasta ana hofu ya kweli, msimcheke. Mwaka huu tumeona watu wakichukuliwa kwa maneno madogo kuliko hayo.

Katekista wa Ndosho

Mwambieni pasta mahubiri ni yake, asitaje boti akiogopa. Wakati wa maombi, mpeni mama asimame aombe mwenyewe. Aseme kwa Mungu anachotaka: aseme jile, aseme barabara iliyofungwa, aseme Idjwi. Hilo halitakuwa tangazo wala hotuba, ni mama anaongea na Mungu wake. Sijaona bado pasta wa Goma anayemkatiza mama mfiwa akiwa anaomba, na hata wanaosikiliza kwa mengine watanyamaza.

Sambaza Mbichi

Naomba kuja, kama mama hatajali. Sitasema kitu.

Binti wa Minova

Karibu. Nimemsomea mama jibu la katekista. Anauliza kama anaweza kuomba akiwa ameketi, magoti yanamsumbua.

Katekista wa Ndosho

Aketi.

Motari wa Katindo

Saa ngapi? Nipate kuwaambia wale wa Majengo.

Binti wa Minova

Saa tatu ya asubuhi. Waje na majina yameandikwa vizuri, na kama mtoto alikuwa na jina la nyumbani, waandike na hilo.